Liste kwanza, prezida nyuma: chama cha kahawa cha Kilimanjaro na sisi wenye diplome ya kilimo



Tangu tarehe ya uchaguzi wa maseksioni itangazwe, maneno yote ni juu ya makandida. Nani anafaa Bukavu, nani amechoka Butembo, nani ana sauti ya kuongea na wakubwa wa Kinshasa. Sikatai, hayo nayo yana maana. Lakini kuna swali moja ambalo kwangu mimi linatangulia yote, na sijasikia mtu kuliuliza: siku ile ya kura, nani ana haki ya kupiga, na jina lake limeandikwa wapi?

Nikiuliza hivi watu wanacheka. Wanasema hiyo ni kazi ya sekretere. Basi leo nataka nionyeshe, kwa historia ya kweli, kwamba hiyo "kazi ya sekretere" ndiyo iliinua chama kimoja kikubwa cha wakulima, na ndiyo ilikaribia kukiua. Tutatoka Kongo kidogo, twende Tanzania, kwenye mlima wa Kilimanjaro, halafu turudi. Nimechagua huko kwa sababu zao ni lilelile tunalolijua, kahawa arabika ya milimani, na miaka ni ileile ambayo babu zetu walikuwa wakipangiwa mashamba huku Kivu.

Tuanzie huku kwetu, kwa kifupi. Mwaka 1917 serikali ya koloni ya Ubelgiji ilitoa amri ya mazao ya lazima. Mwanakijiji alipaswa kulima zao aliloamriwa, pamba upande mmoja, mpunga upande mwingine, kwa siku zilizoweza kufika 60 kwa mwaka. Dekree ya tarehe 5 Desemba 1933 iliendelea na hesabu hiyohiyo, ila ikavalisha kazi ile nguo nzuri: ikaitwa kazi ya kufundisha. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, siku zikapandishwa hadi 120. Aliyekagua shamba alikuwa agronomu Mzungu, na nyuma yake moniteri Mwafrika na daftari yake. Asiyelima, faini ama jela. Mpaka leo, ukifika katika vijiji vingine na ukasema wewe ni agronomu, wazee wanakuangalia kwanza mikono, kuona kama umebeba kartasi ya kuandika majina.

Mwaka huohuo wa 1933 ndipo INEAC ilianzishwa, taasisi ile kubwa ya utafiti wa kilimo yenye makao Yangambi. Huku Kivu kituo chake kilikuwa Mulungu, wakichunguza kahawa, chai na kinkina. Na tangu 1928 kulikuwa na Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa Wazungu wa maplantasio. Sayansi ilikuwepo, ardhi nzuri ilikuwepo, masoko yalikuwepo. Lakini katika hesabu ile yote mkulima mweusi alikuwa mkono, hakuwa memba wa kitu chochote.

Kilimanjaro mambo ilianza namna nyingine, na si kwa sababu Waingereza walikuwa na moyo mweupe kuliko Wabelgiji.

Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wamangi, yaani machifu wa Kichagga, walikuwa kati ya wenyeji wa kwanza kuipanda, halafu ikaingia kidogo kidogo katika vihamba vya watu wa kawaida. Kihamba ni shamba la ukoo linalozunguka nyumba: migomba juu, chini yake chochote kinachopenda kivuli. Kahawa ilipata nafasi pale bila kufukuza chakula. Kwa mtu wa agronomia ni jambo zuri sana kuangalia, na kwa mtu wa siasa ni zuri zaidi, maana mwenye kihamba hakuhitaji kuomba ardhi kwa mtu ili apande miti ya kahawa.

Nyuma ya vita ya kwanza ya dunia, Waingereza waliopokea nchi ile kutoka kwa Wajerumani walimweka Moshi afisa mmoja aitwaye Charles Dundas. Huyu aliwatia moyo Wachagga waongeze kahawa. Wazungu wenye mashamba wakakasirika. Wao walikuwa na chama chao tayari, Kilimanjaro Planters' Association, na sababu zao zilikuwa tatu. Ya kwanza: shamba la Mwafrika litakuwa chimbuko la wadudu na magonjwa. Ya pili: kahawa yetu itaibwa na itauzwa pamoja na yao. Ya tatu hawakuisema kwa sauti kubwa lakini kila mtu aliisikia: kama kila Mchagga ana kahawa yake, nani atakuja kutufanyia kibarua?

Jibu la Wachagga lilikuwa chama. Mwaka 1925 kikaundwa Kilimanjaro Native Planters' Association. Tofauti na jina la chama cha Wazungu ni neno moja tu, lile la "wenyeji", na mimi ninaamini neno lile halikuwekwa kwa unyenyekevu. Walikuwa wakisema: ninyi ni wapandaji, na sisi ni wapandaji.

Prezida wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo. Alishafanya kazi na Dundas kama karani na mkalimani. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kartasi, mtu aliyejua barua inaandikwa namna gani na inapelekwa mlango gani. Ninyi wasomaji vijana mnamtambua mtu wa namna hiyo, maana ni ninyi. Katika kijiji kuna mwenye mashamba mengi, kuna mwenye cheo cha ukoo, halafu kuna yule aliyesoma ambaye hana shamba kubwa wala cheo, ila anajua kusoma barua ya serikali na kumweleza jirani maana yake.

Sasa angalieni chama kile kilifanya nini kwanza. Hakikuanza na siasa. Kilianza na pampu. Wazungu wamesema kahawa yetu italeta wadudu? Vizuri, tutapulizia dawa sisi wenyewe. Chama kilihangaikia dawa na pampu za kupulizia, kikashughulika na miche na usafi wa mashamba, halafu kikaingia katika kuuza kahawa ya wanachama kwa pamoja. Na ili pampu ifike kwako, lazima ujulikane. Ukiwa na kahawa na ukatoa ada yako, jina lako linaandikwa. Liste ya chama kile haikuwa mapambo ya ofisi. Ilikuwa ni ile ile liste ya dawa, na ni ile ile liste ya mauzo. Mtu asiyekuwamo alijua siku ya wadudu kwamba hayumo.

Hapo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo fundisho la kiufundi lipo. Katika chama cha namna ile, uongozi unajua kwamba mwanachama anaweza kutoka. Akiona bei si nzuri, ama prezida anajenga nyumba kwa haraka inayoshangaza, anabaki na ada yake na kahawa yake anampelekea Mhindi wa dukani. Kura yake ina uzito kwa sababu miguu yake ina uhuru. Kiongozi anamwogopa kidogo. Na woga ule kidogo ndio unafanya hesabu zisomwe.

Lakini tusiwapambe wazee wale kuliko walivyokuwa. Liste ile ilikuwa liste ya wanaume. Katika kihamba mama ndiye alikuwa na mgomba, na ndiye aliyebeba samadi kutoka zizini mpaka kwenye shina la kahawa. Lakini kahawa ilihesabiwa mali ya baba, na jina kwenye chama lilikuwa la baba. Kwa hiyo nusu ya mikono iliyofanya kahawa ile iwepo haikupiga kura juu yake. Msikimbie kusema "hiyo ni ya zamani". Tembeleeni depo lolote la kahawa kule Kalehe ama Lubero, muangalie fishi za wanachama, muhesabu majina ya wamama, halafu muende shambani siku ya kuvuna muhesabu tena.

Turudi kwa Merinyo. Wanachama walifika maelfu kwa muda mfupi, na hapo machifu wakaanza kusumbuka. Fikirieni: mangi anatawala kwa ukoo na kwa kibali cha serikali. Mbele yake kunasimama komite ya watu waliochaguliwa na wenye kahawa, wenye pesa, wenye barua yenye muhuri, na watu wanapeleka kwao mashauri ambayo zamani yalikuwa ya baraza la mangi. Chama kikaanza kusema juu ya ardhi pia, na serikali nayo ikaanza kukiona si chama cha pampu tena. Hata afisa mwenye huruma anapenda chama cha wakulima mpaka siku ile wakulima wanajibu.

Halafu ikaja anguko la bei za dunia, miaka ya 1929 na 1930, na chama kikaingia katika matatizo ya pesa. Tuhuma za matumizi mabaya zikamfikia Merinyo mwenyewe, akatoka uongozini. Sitamtetea na sitamhukumu. Nasema tu kwamba kuna mambo mawili tofauti ambayo serikali iliyaweka katika gunia moja: kasoro ya hesabu, na uhuru wa chama. Kasoro ya hesabu inatibiwa kwa mkaguzi na kwa kura. Wao waliitibu kwa kubadilisha chama chote.

Mwaka 1932 Tanganyika ikapata sheria ya vyama vya ushirika, na mwanzoni mwa 1933 mahali pa chama cha Merinyo pakasimama Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU, pamoja na vyama vyake vya msingi 11. Kwenye kartasi, ilikuwa kazi safi kuliko ile ya kwanza. Mkulima anaingia katika chama cha msingi cha karibu na kwake, anachagua komite, komite zinatuma wajumbe kwenye union. Ni muundo uleule tulionao sisi: seksioni, halafu juu yake baraza, halafu juu yake ofisi. Lakini meneja wa union alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett, na hakuna mkulima aliyempigia kura. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za soko.

Bado, hata hapo mambo yangeweza kwenda. Kilichoyaharibu kilikuja mwaka 1934. Machifu, wakiwa mamlaka ya wenyeji chini ya Waingereza, walitoa kanuni kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia KNCU. Yote. Uwe memba ama usiwe memba, umeridhika ama hukuridhika.

Someni tena sentensi hiyo, wandugu. Machifu walewale waliokiogopa chama cha kwanza sasa ndio wanaamuru watu wote wapite katika chama cha pili. Sababu za uchumi zilikuwepo, sizikatai: union inayouza mzigo mkubwa inapata bei nzuri kuliko watu 1,000 wanaouza magunia mawili mawili, na benki haikopeshi chama ambacho wanachama wake wanaweza kuhama kesho. Hiyo hoja tunaifundisha hata leo darasani na ni ya kweli. Lakini upande wa pili wa hoja haufundishwi. Siku ile mkulima alipokatazwa kuuza nje, kura yake katika chama cha msingi ilibaki kura, ila ilipoteza meno. Anaweza kumtoa jirani yake kwenye komite. Hawezi kumtoa Bennett, hawezi kugusa bei, na hawezi kuondoka.

Na bei ikawa mbaya. Katikati ya miaka ile ya 1930 malipo ya union yalishuka, watu wakiona wafanyabiashara wa nje wangeweza kuwapa zaidi. Union ililipa kidogo mwanzo, nyingine mwisho wa msimu, na ile ya mwisho ilichelewa ama ilikuwa ndogo kuliko watu walivyotumaini. (Wenye kuleta kahawa kwenye vituo vyetu vya kuoshea wanajua vizuri ile ngoja-ngoja ya malipo ya pili.) Wengine walienda mpaka mahakamani kupinga kanuni ile ya machifu. Serikali ikajibu kwa kuweka sheria nzito zaidi juu ya kahawa ya wenyeji, mwaka 1937. Na mwezi wa Septemba mwaka huo ghasia zikalipuka mlimani. Wakulima walishambulia maghala ya vyama vya msingi, yaani maghala yao wenyewe, yaliyojengwa kwa kahawa yao. Polisi wakaletwa, na watu walioonekana kuwa vichwa vya mambo wakahamishwa kutoka kwao.

Ninapofika hapo huwa nasimama. Mtu havunji mlango wa nyumba anayoiona kuwa yake. Katika miaka kumi na mbili hivi, watu walewale waliotoa ada kwa hiari ili pampu iwafikie walifika kuona depo la chama kama ofisi ya kodi. Kahawa haikubadilika, mlima haukubadilika, na wengi wao walikuwa ni watu walewale. Kilichobadilika ni maana ya kuandikwa jina.

Sisi Wakongomani hatuhitaji kwenda mbali kuelewa hiyo. Chini ya Mobutu kila Mzaire alikuwa memba wa MPR tangu kuzaliwa. Wazee walitania kwamba hata mtoto aliye tumboni tayari ana kadi. Vyama vya wafanyakazi viliunganishwa mwaka 1967 kuwa kimoja tu, kile kilichokuja kuitwa UNTZA. Na kura zetu zikafuata sura hiyo. Mwaka 1970 kandida wa uprezida alikuwa mmoja, na kadi mbili: ya kijani kwa tumaini, nyekundu kwa fujo, na mbele ya macho ya nani utachukua nyekundu? Mwaka 1975 wabunge walichaguliwa kwa makofi katika viwanja. Memba wote, kura hakuna. Watu wengi waliotulea katika vyama walijifunza uongozi katika shule ile, na tabia haiishi siku moja. Ndiyo maana mpaka leo katika mikutano yetu kuna mkubwa anayesimama na kusema, "Wapendwa, kwa nini tupoteze wakati, tupige makofi kwa papa prezida aendelee."

Sasa Kilimanjaro, kwa haraka, mpaka mwisho. KNCU haikufa. Nyuma ya vita ya pili bei ya kahawa ilipanda sana, na union ikawa tajiri, ikajenga jumba lake Moshi mjini, ikasaidia shule. Chuo cha Ushirika kilichofunguliwa Moshi mwaka 1963, na ambacho leo ni chuo kikuu, kilisimama katika mji uliokuwa tayari umezoea mambo ya ushirika. Na Merinyo? Mzee alirudi. Miaka ya mwisho ya 1940, pamoja na Petro Njau, alikuwa katika uongozi wa chama kingine, Chagga Citizens Union, kilichodai Wachagga wote wawe na kiongozi mmoja aliyechaguliwa na watu, juu ya wale machifu wengi. Walifaulu: Thomas Marealle alichaguliwa Mangi Mkuu na akakalia kiti mwaka 1952. Mwaka 1960, watu walewale wakapiga kura tena na wakakataa kuendelea na cheo kile. Ninapenda sana habari hiyo. Watu waliozoea kuhesabiwa katika jambo la kahawa walikuja kutaka kuhesabiwa katika mambo mengine.

Halafu mwaka 1976 serikali ya Tanzania huru ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, KNCU ikiwamo, na kazi zao zikapewa mashirika ya leta. Hakuna mkulima wa Kilema ama Machame aliyeulizwa kwa kura. Vyama vilirudishwa na sheria ya mwaka 1982, na unioni zikaanza tena miaka ya katikati ya 1980. Walipozianza upya, kazi ya kwanza ilikuwa ipi? Kuandika wanachama.

Turudi nyumbani basi. Nitasema mambo matatu ama manne bila kuyapanga sana.

Shamba haliendi safari, diplome inaenda. Mwanachama wa Kilimanjaro alijulikana kwa kihamba chake: uko pale, kahawa iko pale, unapiga kura pale. Sisi? Mtu amesoma Yangambi, akafanya kazi Goma na shirika, vita ikamsukuma, leo yuko Beni, ama Bujumbura, ama Kampala katika chumba cha kupanga. Yeye ni wa seksioni gani? Nimeona seksioni mbili zikimhesabu mtu mmoja, na nimeona watu ambao hakuna seksioni hata moja inayowahesabu, na hao ndio wengi. Seksioni ya Goma ikipiga kura na watu 15 waliopo, wakati watu wake wengi wametawanyika, tutasema imechagua? Mimi nasema hapana, mpaka tuamue kwanza juu ya waliotawanyika. Tunaweza kuamua kwamba mtu anabaki wa seksioni alikotoa mchango wa mwisho. Tunaweza kuamua anahamia anapolala. Yote mawili yana hasara, lakini lazima moja liandikwe kabla ya kampanye, si nyuma yake.

Jambo lingine: kulipiwa. Nilishahudhuria uchaguzi wa chama kimoja, sitakitaja jina, ambapo liste ya wapiga kura ilifika ukumbini nyuma ya watu kuketi. Ilikuwa na majina mapya karibu 40. Michango yao yote ililipwa usiku uliotangulia, na risiti zote zilikuwa za mwandiko mmoja. Wale vijana hawakuwa wabaya. Wengi walikuwa wamaliziaji wa masomo wasio na franga hata ya taksi, mtu akawaambia njooni, mmeshakuwa wamemba. Lakini hawakuingia katika chama, waliingia katika mfuko wa mtu. Dawa yake si ngumu: aliyeandikwa chini ya miezi kadhaa kabla ya kura anahudhuria, anasema, hapigi kura. Vyama vingi duniani vinafanya hivyo na hakuna anayelia kwamba ni udikteta.

Najua pia kuna wazo linalozunguka sasa, na linasemwa na watu ninaowaheshimu: kwamba kila mwenye diplome ya agronomia ahesabiwe memba moja kwa moja, mchango ukatwe mahali anapofanya kazi, ili tuwe na nguvu mbele ya wizara. Hoja ni ileile ya 1934. Mzigo mkubwa una bei nzuri. Ni kweli, tutakuwa wengi kwenye kartasi. Lakini mimi ninaona maghala ya Kilimanjaro. Siku komite itakapojua kwamba mchango wako unakuja upende usipende, hiyo siku komite haikuhitaji tena, na wewe utaanza kuiita "wale".

Na wale wanaosema liste ni kazi ya sekretere, wasome sheria yetu wenyewe. Vyama vyetu vinaongozwa na sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, juu ya vyama visivyo vya faida. Ukitaka chama kitambuliwe na leta, mbunge wa sheria hakuomba kwanza picha ya prezida. Aliomba liste ya wanachama kamili, majina na makao yao, kila mmoja na sahihi yake. Halafu akaomba tamko linaloonyesha nani wamepewa kazi ya kuongoza, lililotiwa sahihi na wengi wa wanachama haohao. Liste kwanza, viongozi nyuma, na viongozi wanatoka katika liste.

Kwa hiyo ombi langu kwa komite inayomaliza muda ni dogo na lina tarehe. Siku 30 kabla ya kura, kila seksioni ibandike liste yake mahali watu wanapita: jina, mwaka wa kuingia, mchango wa mwisho. Aliyesahauliwa alalamike akiwa na risiti. Aliyekufa aondolewe, tumlilie vizuri, lakini asipige kura. Wadada walioandikwa kama "bibi ya fulani" waandikwe kwa majina yao ya diplome. Mimi nitaanza kwa kutafuta langu: nimelipa kwa mara ya mwisho mwezi wa tatu, risiti iko, na seksioni yangu naijua. Wewe, yako ni ipi?